Jina Ambalo Merveille Hakuliandika

Kila asubuhi, kabla kengele haijagongwa, Merveille alikuwa amekwisha kufika darasani. Hakungoja kuharakishwa na mama yake. Alikuwa mkuu wa darasa la sita, na katika shule yao ya Cimpunda cheo hicho si mchezo. Alifuta ubao, akaandika tarehe pembeni, akahesabu vipande vya chaki, kisha akasimama mlangoni kuwatazama wenzake wakipanda ngazi za udongo, viatu mkononi ili visichafuke kwa matope.

Wenzake walimwogopa, na sababu ilikuwa moja tu. Maître Polycarpe, mwalimu wao, alikuwa na wanafunzi themanini na wanne, wanne wanne katika kila benchi. Tena, tangu mwalimu wa darasa la tano aende kujifungua, alikuwa akifundisha madarasa mawili kwa kukimbia toka mlango huu hadi mwingine. Alipotoka, Merveille alibaki na chaki. Ukicheka, unaandikwa ubaoni. Ukigeuka nyuma kuomba kalamu, unaandikwa. Mwalimu akirudi, walioandikwa wanapiga magoti mbele mpaka wakati wa mapumziko. Kwa hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza alijua jambo hili bila kufundishwa: jina lako likiandikwa, umekwisha.

"Merveille, unaniandika juu ya nini? Miye nilikohoa tu!" Christophe alilalamika siku moja.

"Ulikohoa na meno inje," Merveille alijibu, na chaki ikaendelea kulia ubaoni.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuandikwa, naye ni Larissa. Walikuwa marafiki tangu wakiwa na miaka minne, na nyumba zao zilitenganishwa na mfereji mmoja na ngazi kumi na mbili. Wenzao waliona upendeleo huo na walinung'unika, lakini walinung'unika kwa sauti ya chini.

Jumatatu moja ya mwezi wa nne, mvua ikipiga mabati kiasi cha kumlazimisha mwalimu kupaza sauti, Maître Polycarpe aliingia na daftari kubwa jipya lenye jalada la buluu. Akampa Merveille mbele ya darasa zima.

"Kila siku, chef wa darasa ataandika ndani ya hii kaye," alisema. "Mwenye kufika, P. Mwenye kukosa, A. Mwenye kufikisha A tatu, jina yake inaenda kwa Maman Directrice. Ni yeye mwenyewe aliomba, kwa sababu..."

Hapo darasa la tano likaanza kupiga kelele upande wa pili wa ukuta. Maître akakunja uso, akatoka mbio, na ile sababu ikatoka naye. Hakukumbuka kurudi kuimalizia. Mimi nasema kosa la hadithi hii lilianzia hapo, na halikuwa la mtoto peke yake.

Kisha Aimée, aliyekaa benchi ya mbele, akanong'ona, "Banataka kutufukuza." Hakuna aliyembishia. Ikiwa kuandikwa ubaoni kwa chaki kunamfanya mtu apige magoti, je, kuandikwa kwa kalamu na kupelekwa kwa mkuu wa shule kutamfanya nini?

Kesho yake Larissa hakuonekana. Jumatano alifika wakati wa mapumziko, mikono yake ikinuka sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga, akamvuta Merveille nyuma ya vyoo.

"Koko alianguka ku ngazi," alisema haraka haraka. Koko ndivyo alivyomwita bibi yake. "Muguu imevimba, hawezi hata kusimama. Sasa miye njo natwanga sombe na kuipeleka ku soko ya Kadutu. Na Aganze, nani atamulinda? Ananifuata nyuma siku yote."

Aganze alikuwa mdogo wake wa miaka mitatu. Mama yao alikuwa ameondoka tangu mwezi wa kwanza kwenda Mwenga kuwapikia wachimba dhahabu, na habari zake zilikuja kwa madereva wa magari, kwa kuwa simu ya huko ilipatikana kwa nadra.

"Uambie Maître," alisema Merveille.

"Hapana! Unataka banifukuze? Usiniandike, Merveille. Nakulomba, usiniandike."

"Sitakuandika."

"Uape."

"Naapa."

Basi Merveille akarudi darasani, akafungua daftari, na mbele ya jina la Larissa, mahali pa jana, akaandika P. Alisikia raha na fahari. Tusimcheke. Alikuwa na rafiki mmoja wa damu, na alidhani amemwokoa kwa herufi moja.

Larissa aliendelea kukosa. Siku nyingine alikuja saa mbili, akaondoka kabla ya hesabu. Siku nyingine hakuja kabisa. Katika wanafunzi themanini na wanne, nafasi moja kwenye benchi ya nyuma haionekani upesi. Wale watatu waliobaki walijitanua wakafurahi. Maître alichungulia mlangoni na kuuliza, "Bote beko?" Merveille akajibu, "Bote, Maître." Kila alasiri Larissa alivuka mfereji na kuja kuuliza walichosoma. Alinakili masomo akiwa amesimama, mtoto mgongoni, jicho moja kwenye daftari na jingine njiani.

Ile fahari ya Merveille haikudumu. Wiki ya pili alianza kuiandika ile P upesi, akiufunika ukurasa kwa kiganja. Mlango ukilia, anashtuka. Maître akilichukua daftari kulitazama, anageuka na kufuta ubao ambao tayari ni safi. Nyumbani alianza kuacha ugali sahanini, na hilo mama yake, Maman Valérie, hakulikubali.

"Uko na malaria?"

"Hapana, maman."

"Basi nani amekuudhi?"

"Hakuna mutu." Akainuka, akatoka nje, akarudi ndani, akatoka tena. Hakuweza kukaa mahali pamoja.

Alhamisi ya wiki ya tatu mkuu wa shule mwenyewe aliingia. Maman Directrice Marie-Louise alikuwa mwanamke mrefu, mwenye buti za mvua na sauti ndogo ambayo ilitisha kuliko kelele. Alikuwa na karatasi mkononi.

"Christophe. Beba begi yako, unifuate."

Christophe alitoka akiwa ameinamisha kichwa. Aimée akafanya ishara ya msalaba. Merveille aliitazama ile karatasi ikitoka mlangoni na akajiambia kwamba, kwa vyovyote vile, jina la Larissa halimo.

Alasiri ile Larissa alikuja bila daftari la kunakilia.

"Maman alituma neno na dereva," alisema. "Jumamosi asubui, miye na Aganze, tunaenda Mwenga. Nitamusaidia kupika ku karyeri ya zahabu. Mama mudogo atakuja kumuchukua Koko."

"Na mutihani? Kumebaki wiki sita!"

Larissa aliinua mabega. Hakulia, na hilo lilimwuma Merveille zaidi. Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ndio waliokuwa wakiuzungumzia tangu darasa la nne: watafaulu pamoja, wataingia sekondari pamoja, watashona sketi za aina moja. Na kila mtoto wa Cimpunda alijua kwamba anayekwenda kwenye machimbo akiwa na miaka kumi na miwili harudi kukaa benchi.

Ijumaa asubuhi, nani aliyekuwa wa kwanza kupanda ngazi? Christophe! Alivaa shati jeupe lililomfika karibu na magoti, na alitembea kama bwana harusi.

"Hawakukufukuza?" Merveille aliuliza, macho yamemtoka.

"Banifukuze juu ya nini?" Christophe alishangaa. "Miye na mukubwa yangu tulikuwa na shemizi moja ya masomo. Siku anaivaa, miye nabaki ku nyumba. Jana Maman Directrice alikuja kwetu, akakaa na maman, akauliza juu ya nini nakosaka. Hata hakunifokea. Hii shemizi ilikuwa ya mutoto yake."

"Na ile kaye?"

"Ile kaye njo ilimuleta! Alisema ni ya kujua mutoto gani anaanza kupotea, bamufuate mbele ya kupotea kabisa. Sasa weye chef, haukujua?"

Hapana, chef hakujua. Alisimama na chaki mkononi akiwa amepigwa na bumbuazi. Kila P aliyoiandika kwa upendo ilikuwa imemfungia rafiki yake mlango. Kama angeandika A tatu za kweli katika wiki ya kwanza, zile buti za mvua zingekuwa zimeshuka hadi kwa Koko zamani. Na kesho asubuhi gari linaondoka.

Masomo ya siku ile hayakuingia hata moja. Merveille alitazama dirisha, akatazama mlango, akahesabu saa. Kengele ya saa sita na nusu ilipolia, aliteremka mlima kwa kukimbia, akateleza mara mbili, akaingia kwa Larissa bila kubisha hodi.

Larissa alikuwa akifunga nguo ndani ya kitenge. Koko alikuwa ameketi kwenye mkeka, mguu juu ya mto, na Aganze alikuwa akichezea kifuniko cha sufuria.

"Usiende!" Merveille alisema akihema. "Ile kaye haiko ya kufukuza. Ni ya kusaidia. Maman Directrice anafuataka batoto ku nyumba!"

Larissa aliacha kufunga. "Jina yangu iko mule?"

"Haiko."

"Basi unaniambia juu ya nini sasa?" Sauti yake ilipanda. "Weye njo mwenye kuandika!"

"Weye njo uliniomba nisikuandike!"

Walitazamana kwa hasira, kisha wote wawili wakaanza kulia kwa pamoja, na Aganze naye akajiunga bila kujua sababu. Koko akatikisa kichwa.

"Banangu, mama yake amekwisha kusema," alisema polepole. "Miye ni muzee. Nitafanya nini?"

Merveille alitoka. Ngazi za kurudi shuleni zilikuwa mia moja na zaidi, na alizipanda akiwaza. Akisema ukweli, cheo kimekwisha. Atapiga magoti mbele ya watu themanini na wawili ambao wote aliwahi kuwaandika. Watacheka mpaka machozi yawatoke. Katikati ya ngazi alisimama, akageuka, akashuka hatua tano. Kutoka pale aliliona bati la nyumba ya Larissa. Akageuka tena na kupanda kwa nguvu zote, akiogopa kwamba akisimama mara ya pili hatafika.

Maître Polycarpe alikuwa bado darasani, akisahihisha imla.

"Maître, nilidanganya ndani ya kaye."

Kalamu nyekundu ilisimama. Merveille akaeleza yote bila kupumua: sombe, Koko, Aganze, kiapo cha nyuma ya vyoo, Mwenga, gari la kesho. Mwalimu akafungua daftari la buluu, akalifuata jina la Larissa kwa kidole. P, P, P, safi mpaka mwisho wa mstari.

"Alikosa siku ngapi?"

"Tisa, Maître."

Alikasirika; mishipa ya shingo ilimtoka. Lakini alipotaka kusema, alisita, akapangusa uso kwa kiganja.

"Na miye sikukuambia kaye ni ya nini," alisema. "Nilitaka kusema, nikakimbilia darasa la tano." Akasimama. "Twende. Maman Directrice hajafunga ofisi."

Walishuka watatu, buti za mvua mbele. Koko alipowaona alijaribu kuinuka, Maman Directrice akamzuia kwa mkono, akaketi karibu naye mkekani, akatazama mguu kwanza. Kisha akaomba namba ya mama yake Larissa, akapiga simu.

Simu haikupita. Akapiga tena, haikupita. Nje dereva mmoja alipiga honi barabarani na Larissa akaruka, kana kwamba kesho imekwisha kufika. Mara ya nne sauti ikasikika, ikikatika katika upepo, na Maman Directrice akaiweka kwa sauti kubwa ili wote waisikie.

"Miye niliambiwa mutoto ameacha masomo," mama alisema. "Batu banamuona ku soko kila siku, anatembeza sombe. Afazali akuje hapa nimulinde na macho yangu."

"Hajaacha, maman. Ni mwanafunzi yetu."

"Kama ni mwanafunzi yenu, alikosa siku ngapi?"

Maman Directrice alifungua daftari, akalitazama, akalifunga.

"Kaye yangu inasema hakukosa hata moja," alijibu. "Lakini kaye inadanganya."

"Basi niamini nani?" mama akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

Karatasi pekee iliyoweza kusema ukweli ilikuwa imejaa uongo, na kila mtu mle ndani alimtazama aliyeuandika. Merveille alinyoosha mkono, akaomba simu.

"Maman, ni Merveille wa kwa Valérie. Miye njo niliandika uongo. Larissa alikosa siku tisa, nazijua zote. Ile Jumanne Koko alipoanguka. Alhamisi na Ijumaa ya ile wiki, juu Aganze alikuwa na homa. Wiki ya pili, siku tatu, sombe ilikuwa nyingi. Na hii wiki, tatu. Lakini kila siku alikuja kwetu kuandika masomo. Kila siku, maman. Hata juzi alikuja. Jumatatu alinieleza sehemu za hesabu, miye mwenye nilikuwa mu darasa sikuzielewa. Hajaacha masomo. Miye njo nilimuficha."

Halafu mama akasema, "Koko alianguka? Muguu gani? Hamukuniambia juu ya nini?"

Koko alitazama pembeni kwa aibu. Hakutaka kumtia binti yake wasiwasi huko mbali, alisema, na kumbe wasiwasi ulikuwa umefika na gari jingine.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda haraka. Merveille alivuka mfereji na kurudi na mama yake, na Maman Valérie akamwita Maman Clémence, kwa sababu wote walikuwa wa shirika moja la parokia na Koko ndiye aliyewafundisha nyimbo. Walifoka kidogo kwamba hawakuambiwa, kisha wakagawana kazi wakiwa bado wamesimama mlangoni. Maman Clémence, aliye na meza sokoni Kadutu, atachukua sombe ya Koko pamoja na mboga zake. Aganze atakaa kwa Maman Valérie asubuhi. Kesho Maître Polycarpe atamsindikiza Koko kwenye kituo cha afya.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Basi abaki," alisema. "Nitakuja mwisho wa mwezi kuona. Larissa, unanisikia? Ukiacha masomo, nitatoka Mwenga na miguu kuja kukuuliza!"

"Siachi, maman," alisema Larissa, na kitenge kikafunguliwa.

Gari la Mwenga liliondoka Jumamosi na mizigo ya watu wengine.

Jumatatu Maman Directrice alisimama mbele ya darasa la sita. Merveille alikuwa pembeni yake, mikono nyuma. Alikuwa amesimulia kosa lake mwenyewe, na ajabu ni kwamba hakuna aliyecheka. Ukuu wa darasa alinyang'anywa mpaka mwisho wa mwaka, akapewa Aimée. Iliuma, tena sana, lakini jioni ile alimaliza ugali wote sahanini kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Musikilize vizuri," alisema Maman Directrice. "Mutoto haachi masomo kwa siku moja tu. Anaanza kukosa leo, anachelewa kesho, analala juu ya benchi, halafu siku moja haonekane tena na sisi tunashangaa. Alama ziko mbele ya macho yetu. Merveille alimupenda rafiki yake, lakini alimupenda na uongo, na uongo ulitufunga macho sisi wote. Kama mwenzako yuko na shida, usimufiche. Mutu mwenye kufichwa, hakuna anayeweza kumusaidia. Na sisi bakubwa tuko na kosa yetu. Tulibafundisha kwamba kuandikwa ni azabu. Kuanzia leo, hakuna mutoto atapiga magoti juu ya jina ku tableau. Nimesema na Maître."

Maître Polycarpe alikubali kwa kichwa, akatazama viatu vyake.

"Sasa," aliendelea Maman Directrice akifungua daftari kwenye ukurasa mpya, "nani anajua mutoto mwingine ambaye haonekane?"

Watu walitazamana, wakatazama madawati. Mazoea ya miaka sita hayatoki kwa dakika moja. Kisha, kutoka benchi ya nyuma, Larissa alisimama.

"Kuko Bintu, wa darasa la tano," alisema. "Namuonaka ku soko asubui, anauza ndizi. Anakimbiaka akiona iniforme." Alisita kidogo, akakaza sauti. "Mumuandike, Maman."

Mkono mwingine ukainuka karibu na dirisha, halafu wa tatu, na Maman Directrice akaomba kalamu ya pili kwa sababu ya kwanza ilikuwa imeishiwa wino.